Glavu za Siku ya Wageni

"Simama wima basi, unanipindishia kola."

"Nimesimama."

"Umesimama wapi? Umeinama kama unatafuta sarafu."

Mzee Tangi akajinyoosha, na mkewe akaendelea na kifungo cha tatu. Shati lilikuwa na vifungo saba, na kila asubuhi kwa miaka minne sasa vifungo hivyo vilikuwa kazi ya Mama Stoo. Vidole vya mumewe havikuweza tena kushika kitu kidogo. Ngozi ilikuwa imekauka ikachanika kwenye maungio, na kucha mbili za mkono wa kulia zilishakwenda zao na hazikurudi. Kifungo, sindano, njiti ya kiberiti, vyote vilimteleza. Kasia la kukorogea sabuni peke yake ndilo lililokuwa nene kiasi cha kushikika, na kazi ya kasia hilo ndiyo iliyomfikisha hapo.

"Cha juu usifunge," mzee akasema. "Kinanikaba."

"Leo kinafungwa. Leo kuna wageni."

"Wageni watanitazama shingo?"

"Watakutazama kila kitu. Na jibu lako umelishika?"

Mzee Tangi akatazama dari. "Lipi?"

"Jamani, huyu baba! Jana tumelirudia mpaka chakula kikapoa. Nikikuuliza, hizo glavu ni za nani?"

"Za stoo."

"Si za stoo!"

"Sasa za wapi? Si wewe mwenyewe ndiye unazifungia?"

Mama Stoo akafunga kifungo cha mwisho, akampiga kofi dogo la kifuani, nusu la mapenzi nusu la hasira. "Unasema hivi: Ni zangu, nimepewa na kampuni. Maneno matano tu, baba. Matano!"

"Matano," mzee akakubali, akajaribu kuyahesabu kimyakimya, akayapoteza njiani.

Majina hayo walipewa kazini, yakawaganda mpaka nyumbani. Mama Stoo alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, mwaka wa kumi na moja huu, na ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi, hata akioga. Mzee Tangi ndiye aliyesimama juu ya tangi kubwa akikoroga mafuta na kostiki, ule unga mweupe mkali unaogeuza mafuta kuwa sabuni, na unaogeuza ngozi ya mtu kuwa sijui niite nini. Walipokutana wote wawili walikuwa wameshazika wenzao wa kwanza na hawakuwa wakitafuta mtu. Mzee alikwenda kwenye dirisha la stoo kuazima brashi ya kusugulia tangi. Jioni akairudisha ikiwa imeoshwa, imekung'utwa maji, nywele zake zimelazwa upande mmoja. Mama Stoo aliishika ile brashi akaigeuzageuza. Mwanaume anayerudisha brashi ikiwa safi kuliko alivyoichukua! Alikaa na jambo hilo moyoni wiki nzima, na mwaka ulipoisha walikuwa wanakaa chumba kimoja.

Asubuhi hiyo walikwenda kwa miguu. Nauli ilikuwa imepanda tena, mara ya pili tangu mwaka uanze, na mwenye nyumba naye alishapita kusema kwamba na yeye maisha yanampanda. Kwa hiyo walitembea, mzee mikono mfukoni kwa sababu upepo wa asubuhi ulimchoma kwenye mipasuko, mama akimrudisha kwenye yale maneno matano kila walipokata kona.

*

Ndani ya stoo, nyuma ya mifagio na marobota ya katoni, lilikuwepo kabati la chuma la kijani. Wafanyakazi waliliita kabati la wageni. Humo mlikuwa na jozi arobaini za glavu nene nyeusi zinazofika kiwiko, jozi arobaini za buti za mpira, na miwani arobaini ya kukinga macho. Vilinunuliwa siku moja, miaka sita nyuma, mara ya kwanza wakaguzi walipotangaza kuja. Tangu hapo vilivaliwa siku moja kwa mwaka, kwa muda wa saa tatu au nne hivi, halafu vikarudi kabatini. Mama Stoo alivifuta, akavipaka poda visishikane, akavipanga kwa namba. Hakijawahi kupotea kimoja. Alikuwa akijisifia hilo, na watu walimsifia.

Siku nyingine zote zilizobaki, Mzee Tangi alivaa mikononi mifuko ya mkate. Aliifunga kwenye kifundo kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Kostiki iliingia tu, ikitaka kuingia.

Si kwamba Mama Stoo hakuwahi kuuliza. Mwaka wa tatu tangu vinunuliwe, alimfuata Meneja ofisini. "Bosi, zile glavu si wangevaa tu kila siku?"

Meneja alimkaribisha kiti. Hakuwa mtu wa kufoka. Alijua watoto wa wafanyakazi kwa majina, akifiwa mtu alikuwa wa kwanza kufika, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu wake, maana mtu wa namna hiyo humchukii hata ukitaka. "Mama," alisema kwa upole, "zikivaliwa zitachakaa. Zikichakaa, siku ya ukaguzi tutavaa nini?"

Na Mama Stoo, Mungu amsamehe, aliliona hilo lina akili. Alitoka pale akitikisa kichwa kukubali. Aliyekubali ni yule mtunza stoo ndani yake, si mke, lakini miguu iliyotoka ni ile ile.

Saa mbili kamili walikusanywa uani. Meneja akapanda juu ya kreti. Nyuma yake ukutani yalikuwa yameandikwa maneno mapya kwa rangi ya bluu, WATU KWANZA, na rangi ilikuwa bado mbichi, hivi kwamba nyapara wao, Filimbi, alisimamishwa pale kuzuia watu wasiegemee. Yeye mwenyewe alishaegemea. Alikuwa na herufi A begani.

"Ndugu zangu," Meneja akasema. "Leo tunakaguliwa kwa ajili ya Cheti cha Biashara Yenye Utu. Bila cheti hicho maduka makubwa hayachukui sabuni yetu. Yasipochukua, hapa patafungwa. Sitishi mtu, nasema hali ilivyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Haya. Mama Mapacha, hizo glavu ni za nani?"

Mama Mapacha, wa kitengo cha kufunga katoni, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo na mkubwa wa mdomo. Akatoka mstarini, akapiga kifua kama mtoto wa shule anayekariri. "Ni zangu! Nimepewa na kampuni!"

"Safi kabisa. Mzee Tangi?"

Mama Stoo, dirishani kwake, akaanza kuyatamka yale maneno bila sauti, midomo ikichezacheza, kama mama anayemlisha mtoto.

"Za Mama Stoo," akasema Mzee Tangi.

Ua mzima ukacheka. Meneja naye akacheka mpaka akashika tumbo. "Mzee wangu, wewe ukiulizwa, tabasamu tu. Sawa?"

"Sawa, bosi." Hilo aliliweza.

Kisha vifaa vikagawiwa, na hapo ndipo siku ya wageni inapokuwa siku ya wageni kweli, kwa sababu zile buti zote arobaini zilinunuliwa za namba moja. Arobaini na nne! Aliyezinunua alipata bei nzuri. Mama Mapacha, mwenye mguu wa namba thelathini na sita, alijaza matambara mpaka juu na bado alipogeuka, buti zilibaki zinatazama alikotoka.

"Tembeeni polepole," Filimbi akaagiza. "Mtu asikimbie."

"Nikimbie niende wapi," akasema Mama Mapacha, "nyumba yenyewe nimeivaa mguuni."

*

Mkaguzi alifika saa nne. Wengi walitarajia mwanaume mwenye tai. Akateremka dada wa miaka thelathini hivi, viatu vimejaa vumbi, kibao cha kuandikia kwapani. Alikuwa na viwanda vingine viwili siku hiyo hiyo, alisema, kwa hiyo soda asante, labda baadaye. Meneja akamtembeza. Mama Stoo akaambiwa afuate nyuma na daftari lake, maana daftari lake lilikuwa linapendeza macho.

Kila kitu kilikwenda sawasawa. Dada aliuliza, watu wakajibu. Kitengo cha kukatia miche ya sabuni: ni zangu, nimepewa na kampuni. Kitengo cha katoni: ni zangu, nimepewa na kampuni, na Mama Mapacha akaongezea "tena kampuni nzuri," ambalo halikuwamo kwenye mazoezi, Filimbi akamkazia macho. Dada alikuwa akitia vema kwenye karatasi, vema, vema, vema. Mama Stoo aliona mabega ya Meneja yakilegea kidogo kidogo.

Wakafika kwenye tangi.

Mzee Tangi alikuwa amesimama wima, kifungo cha juu kimefungwa, kasia mkononi, tabasamu tayari usoni tangu wakiwa mlangoni. Dada akasogea. Labda alimkumbusha mtu wa kwao, sijui, maana wengine wote alikuwa akiwauliza moja kwa moja, lakini huyu alimwamkia kwanza.

"Shikamoo, mzee." Akanyoosha mkono.

Sasa, Mzee Tangi alilelewa. Mgeni akikupa mkono humpi mpira. Hilo alilijua kabla hajajua kukoroga sabuni, na hakuna mazoezi ya uani yaliyoweza kumwondolea. Akaliegemeza kasia, akavua glavu ya kulia, kidole kimoja kimoja, bila haraka, akampa mkono wenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Dada aliushika ule mkono na hakuuachia. Akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena. Akatazama vile vidole visivyo na kucha, na mipasuko iliyokuwa na rangi nyekundu ndani. Halafu akatazama glavu iliyokuwa inaning'inia kwenye mkono wa kushoto wa mzee, nyeusi, inang'aa, na poda ya Mama Stoo bado imo kwenye mikunjo.

"Huyu mzee wetu," Meneja akaingia haraka, kwa sauti ya kupenda, "hatulii nyumbani. Ana kabustani kake, analima kwa mikono. Tunamwambia apumzike, hasikii. Si ndiyo, mzee?"

Mzee Tangi aliishi chumba kimoja, kwenye ua wa saruji tupu wa wapangaji tisa. Hapakuwa na mahali hata pa kuchomeka kitunguu.

"Ndiyo," akasema, akitazama chini. "Nalima."

Dada akageuka. "Mama, wewe ndiye unayetunza stoo?"

"Ndiye mimi, mwanangu."

"Hizi glavu hutolewa lini?"

Tangi lilikuwa likitokota. Kando yake kila kitu kilinyamaza, mpaka mashine ya kukatia. Mama Stoo aliwaona wote, bila kugeuka: Mama Mapacha na mapacha wake wanne, seti mbili, ndiyo; Filimbi na herufi yake begani; yule kijana wa mizigo aliyeoa juzi. Akaona, akilini mwake, mlango wa kiwanda umefungwa kwa mnyororo. Akamwona mumewe anamtazama, akingojea na yeye kusikia.

"Kila asubuhi," akasema. "Kila anayeingia, anachukua zake."

"Kweli, mama?"

"Kweli."

Dada alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mtu. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. "Mimi naandika ninavyoambiwa," akasema polepole, kama anayemwachia mtu mlango wazi. Mama Stoo hakuupita. Dada akatia vema.

Mzee Tangi akavaa tena glavu yake. Na kisha, maskini, akamtabasamia mkewe. Halikuwa lile tabasamu la kuagizwa na Meneja. Lilikuwa lake mwenyewe, la kumwambia usijali, umefanya vizuri, sijaudhika. Mama Stoo angependa zaidi atemewe mate.

*

Gari la mkaguzi lilitoka saa sita na nusu. Lilipopita geti, Filimbi akapuliza filimbi mara mbili. Kila mtu alijua maana yake: vifaa virudi stoo.

Wakajipanga mstari mbele ya dirisha, kama kila mwaka, wakicheka na kutaniana, maana cheti kimepatikana na soda zinakuja. Mama Stoo akafungua daftari. Akaweka kreti tupu miguuni. Akashika kalamu.

Wa kwanza, kama kila mwaka, alikuwa Mzee Tangi. Aliwahi makusudi, asije akamchelewesha mkewe. Alikuwa ameshazivua. Alikuwa amezifuta kwa kitambaa, akaingiza moja ndani ya nyingine kama mkewe alivyopenda, vidole vimelala upande mmoja. Akaziweka juu ya mbao ya dirisha kwa mikono ile miwili.

"Shika, Mama Stoo. Nimezifuta."

Mfukoni mwake ilikuwa inachungulia mifuko ya mkate, tayari kwa mchana.

Mama Stoo aliziangalia zile glavu, akaiangalia ile mikono kando yake. Mara sita. Mara sita alizipokea kutoka kwenye mikono hiyo akaziandika zimerudi, akafunga kabati, akaenda nyumbani kumpaka mafuta ya mgando mtu yule yule. Alijisikia aibu mpaka masikio yakamwaka. Na lile neno, kila asubuhi, lilikuwa bado limemkaa mdomoni kama kipande cha sabuni.

Hakuzipokea.

"Hizi glavu," akasema, "ni za nani?"

Mzee Tangi akashangaa. "Si nimekupa? Za stoo."

"Nimekuuliza, baba. Hizi glavu ni za nani?"

"Mama, watu wananingoja nyuma..."

"Wangoje. Ni za nani?"

Mzee akamtazama. Akatazama glavu. Huyu mtu hakuwa mjinga, msimwone hivyo. Alikuwa tu hajui kusema kisichokuwepo. Na sasa, polepole, Mama Stoo aliona jambo linamfikia mumewe usoni, kuanzia kwenye macho kushuka. Mzee akanyanyua glavu moja. Akaivaa. Akavaa ya pili. Yale maneno matano, aliyoyapoteza jana usiku, na njiani, na uani mbele ya watu arobaini, yakaja yenyewe.

"Ni zangu," akasema. "Nimepewa na kampuni."

"Basi nenda kazini. Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa Mama Mapacha, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuwa amekwishavua glavu moja. Akairudisha mkononi haraka mpaka ikalia.

"Na wewe, hizo ni za nani?"

"Ni zangu! Nimepewa na kampuni! Ila hizi buti, Mama Stoo, ni za mtu mwingine, mtafuteni."

Mstari ukacheka, halafu ukaacha kucheka, halafu ukaelewa. Mmoja mmoja walipita dirishani. Wengine walisema kwa sauti, wengine kwa kunong'ona wakitazama ofisi. Kijana wa mizigo alisema akiwa ameshapiga hatua ya kuondoka. Lakini walisema wote, na Mama Stoo kwenye safu ya KUREJESHWA aliacha patupu, mstari baada ya mstari.

Filimbi akaja mbio, kadiri buti zake zilivyomruhusu. "Mama Stoo! Unafanya nini?"

"Nafanya ukaguzi. Na wewe, hizo ni za nani?"

Filimbi akafungua mdomo. Akatazama mikono yake mwenyewe. Akasema, "Usiniingize mimi," lakini hakuvua.

Meneja alishuka na chupa ya soda mkononi, bado ana furaha. Aliona kreti tupu.

"Mama, vifaa viko wapi?"

"Viko kazini, bosi."

"Kazini vipi? Filimbi, nenda kavikusanye."

Filimbi akaenda. Wakamsikia kule ndani akisema vua, na sauti ikamjibu, ni zangu, nimepewa na kampuni. Vua wewe. Ni zangu, nimepewa na kampuni. Acha utani, mama. "Utani?" ikapaa sauti ya Mama Mapacha. "Meneja mwenyewe kanifundisha, akaniambia safi kabisa!" Filimbi akarudi mikono mitupu, yaani mikono mitupu yenye glavu, akasimama kando.

Meneja akaweka soda juu ya mbao ya dirisha. Hakupandisha sauti. "Mama, miaka kumi na moja. Wewe ndiye mtu niliyekuwa nakuamini kuliko wote humu."

"Najua, bosi. Ndiyo maana yule dada aliniuliza mimi." Akaweka kiganja juu ya daftari. "Nimemwambia ni kila asubuhi. Kwenye daftari hili sijawahi kuandika uongo, hata wa ufagio mmoja. Sasa nifanyeje? Ama nimpigie simu nimwambie nilimdanganya, ama yawe kweli. Nimeona yakiwa kweli ni rahisi zaidi kwetu sote."

Mimi nadhani, kwa muda mfupi, lilimgusa Meneja. Hakuwa mtu mbaya. Lakini kuna watu juu yake ambao naye huwajibu, na wale huuliza bei ya glavu, hawaulizi mkono.

"Naomba ufunguo," akasema. "Kesho pumzika nyumbani. Tutakuita."

Kila mtu kiwandani aliwajua walioambiwa wataitwa, na alijua hakuna aliyewahi kuitwa. Mama Stoo akauvua ule uzi mweusi. Ulinasa kwenye kilemba, akauvuta. Lakini alipomkabidhi, hakuuachia upande wake.

"Stoo haikabidhiwi kwa ufunguo, bosi. Inakabidhiwa kwa kuhesabu. Nisije kuambiwa kesho nimeiba balbu."

Na akamhesabisha! Saa nzima, Meneja wa kiwanda ndani ya stoo yenye joto, akipitishwa kwenye mifagio kumi na minne, kamba mizunguko mitatu, balbu, misumari, brashi za tangi. Kila ukurasa akaonyeshwa pa kutia sahihi. Alipofika ukurasa wa mwisho jasho lilikuwa linamtiririka, na wakubwa wa makao makuu walikuwa wanampigia simu kumpongeza. Ukurasa ulisema: glavu jozi arobaini, buti jozi arobaini, miwani arobaini, vimetolewa kwa wafanyakazi, haviko stoo. Meneja akatia sahihi, simu sikioni, akisema asante, asante sana, ni juhudi za wote.

*

Mlinzi hakumruhusu kurudi ndani, ila alimtolea kiti chake akae nje ya geti. Alikaa hapo mpaka saa kumi na moja. Shingo ilikuwa nyepesi. Mara kwa mara mkono ulipanda kuutafuta ule uzi. Aliogopa. Tusipambe. Aliwaza kodi ya chumba na mwenye nyumba ambaye maisha yanampanda, akawaza umri wake, nani atamwajiri.

Watu wakatoka. Mlinzi, kwa kazi yake, aliwapapasa mmoja mmoja. Mzee Tangi alikuwa na furushi kwapani. Mlinzi akalifungua: glavu, safi, zimefungwa ndani ya mifuko ya mkate.

"Na hizi?"

"Ni zangu," akasema mzee. Sasa alikuwa ameshalizoea jibu. "Nimepewa na kampuni."

Mlinzi naye alikuwepo uani asubuhi, na aliyasikia mazoezi yote. Akamrudishia furushi. "Pita, mzee."

Njiani hawakuzungumza sana. "Kesho Meneja atakuja na mtu wa kutuvua," mzee alisema mara moja. Mama Stoo akasema, "Huenda." Wakatembea tena. "Basi na yeye atatusikia arobaini," mzee akasema, akacheka peke yake.

Nyumbani Mama Stoo alipika, akapakua. Kando ya sahani ya mumewe akaweka kijiko, kama alivyoweka kwa miaka minne, kwa sababu chumvi ya mchuzi ikiingia kwenye ile mipasuko mzee huuma meno na kugeuza uso ukutani ili asionekane. Mzee Tangi alinawa. Akakitazama kijiko. Akakisogeza kando, akaingiza mkono kwenye sahani.

Mama Stoo akaacha kula. Alikuwa anangojea ule mlio wa kuvuta pumzi kwa meno. Mzee akatia tonge, akachovya, akala. Akachovya tena.

"Haikuwashi?"

Mzee Tangi akafikiri, maana alikuwa mtu wa kujibu sawasawa.

"Inawasha ya jana," akasema. "Ya leo haimo."

Mama Stoo alisimama haraka, akajidai anatafuta maji.